Wimbo wa Ndara Moja

Wimbo nimeutunga mimi. Naanza na hilo kwa sababu wiki hizi mbili kila mtu hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, anajifanya hajui ulikotoka, na wale wale waliouimba uwanjani kumzomea mchezaji mpaka mishipa ya shingo ikawatoka sasa wanasema walikuwa wakifungua midomo tu. Ulitoka kwangu. Niliutunga dukani nikimsubiri mteja wa plagi za injini ya boti, nikauandika nyuma ya risiti, nikaujaribu kwa kugonga dumu tupu la mafuta ya taa. Ukakaa sawa, nikafurahi kama mtu aliyeokota pesa.

Niurudishe mwanzo wake, kwenye kusi ya mwaka jana.

Kusi ikivuma, bahari kuu huku kwetu haiendeki. Watu wa Kizingitini, kisiwani Pate, ni watu wa kuzamia kamba na kwenda mbali, kwa hiyo miezi ile wengine huja Lamu mjini kutafuta kibarua. Huyu kijana wetu alikuja kubeba mawe na mchanga kwenye ujenzi. Miaka ishirini, mrefu, anapiga mpira kwa mguu wa kushoto. Jioni moja alikuwa anapita kando ya uwanja, mpira ukatoka nje ukamfuata, naye akaurudisha. Namna alivyourudisha, kocha wetu alibaki na filimbi mdomoni bila kuipuliza.

Tukampigia simu kiongozi wa timu ya kwao. Hatukuandikiana karatasi wala hatukulipana. Alisema, "Mchukueni kusi hii, kaskazi ikianza mturudishie." Huo ndio mkopo wenyewe, mkopo wa upepo. Wenzetu wa Ulaya wana madirisha ya usajili ya Januari na ya kiangazi. Sisi tuna pepo mbili, nazo hazijawahi kuongezewa muda.

Alikaa kwetu. Daka la nyumba yetu, ule ukumbi wa mlangoni, lina vibaraza viwili vya mawe, naye akachagua cha kulia kwa sababu kinapata upepo. Mamangu akawa anaongeza bakuli moja la mbaazi asubuhi, na usiku anamwekea mkate wa mofa chini ya kawa. Siku aliyofika alikuwa na ndara moja mguuni. Ya pili ilimponyoka alipokuwa anaruka kutoka botini kupanda gatini, ikaenda na maji, yeye akabaki anaitazama inavyoondoka kama anayesindikiza mgeni. Alitusimulia mwenyewe usiku ule, tukacheka sote, na mamangu akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso.

Njumu tulizichanga, Sh1,800. Zilikuwa mitumba kutoka soko la Kongowea, Mombasa, rangi ya chungwa, namba 43, jino moja la kisigino cha kulia limekatika. Zikaja kwa basi mpaka Mokowe, zikavuka kwa boti. Kwa njumu hizo alitufungia magoli tisa, akatufikisha fainali. Fainali tulishindwa kwa penalti, na penalti iliyokosekana haikuwa yake. Kaskazi ilipoanza akamshika mamangu mkono, akaubusu, akaondoka. Njumu aliondoka nazo na hakuna aliyefikiria kumuuliza. Nani angeuliza?

Januari tukapangiwa mechi ya ugenini Kizingitini, kombe la kirafiki lisilo na urafiki wowote. Watu 27 ndani ya boti moja, wachezaji na mashabiki, ngoma moja, dumu langu, na jezi zimefungwa kwenye gunia la mchele. Mwalimu mmoja wa baraza letu, Arsenal wa damu, alituambia njiani kwamba kwenye Ligi Kuu ya Uingereza timu ngeni hutengewa tiketi 3,000, au asilimia kumi ya uwanja kama uwanja ni mdogo, na tangu msimu wa 2016/17 bei ya tiketi ya mgeni haivuki pauni 30. Sisi nauli ilikuwa Sh600 kwenda na kurudi, na jukwaa letu la wageni lilikuwa kivuli cha mnazi mmoja.

Saa ya mechi iliwekwa na maji, si kamati. Njia ya kutoka Lamu kwenda kisiwa cha Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku, na maji yakipwa boti iliyobeba haipiti. Maji siku hiyo yalijaa kiasi cha saa saba na nusu mchana. Nahodha akatwambia pale gatini, na akarudia tulipofika: mechi ianze saa nane kamili, ikiisha hakuna soda, hakuna picha, tuwe botini.

Tulipowaona wakitoka kupasha misuli, kitu cha kwanza kilichotupiga machoni ni rangi ya chungwa. Amezivaa. Mpwa wangu akanishika bega: "Mjomba, sasa!"

Nikagonga dumu.

*Njumu hizo ni za nani, mbona wazivaa bwana?*
*Ulishuka bandarini, na ndara moja, kijana!*

Kisha kiitikio cha neno moja: Vua! Vua! Vua!

Kazi ya mkono wangu naijua, nao ulikuwa wimbo mzuri. Mizani nane kwa nane, kina cha kati *ni* na cha mwisho *na*, unaingia kichwani mara ya kwanza na mtoto anauweza. Kufika dakika ya kumi, hata watoto wa Kizingitini wenyewe walikuwa wanauimba huku wakiruka kwa mguu mmoja. Yeye kila akigusa mpira, ndara. Akipiga kona, ndara. Alipoteza mpira mara nne ambazo kwetu asingeupoteza, na mara ya nne winga wetu akakimbia nao tukapata goli. Nilijiona mchezaji wa kumi na mbili.

Filimbi ya mapumziko ilipolia wenzake walielekea kwenye ndoo ya maji, yeye akavuka uwanja kuja kwetu. Nilidhani anakuja kupigana na nikaanza kutafuta uso wa kuvaa. Alifika kwenye mstari, akakaa chini mchangani, akafungua kamba taratibu, ya kushoto, ya kulia. Akazisokomeza kamba ndani ya njumu, akaziweka sambamba, ncha zikitutazama, kama mtu anavyoweka viatu mlangoni mwa msikiti. Akasema, "Asanteni." Akarudi kwa wenzake na soksi.

Ngoma ilinyamaza yenyewe.

Kipindi cha pili refa hakumruhusu kucheza hivyo, na refa alikuwa na haki, maana sheria ya nne ya mpira inataka mchezaji awe na viatu. Akaazima raba za mchezaji wa akiba zilizombana, akacheza nazo dakika kumi na tano akichechemea, akatolewa. Wakasawazisha bila yeye. Tukafunga la pili dakika za mwisho. Mbili moja, tumeshinda ugenini, na nimeona misiba yenye kelele kuliko ushindi ule.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Nani atazichukua? Mchezaji wetu mmoja alisema tuziache pale pale. Mwingine akasema tukiziacha tutakuwa tumemtupia mtu zawadi usoni mara ya pili. Mwenye banda la video, ambaye alitoa Sh300 kati ya zile 1,800, akasema mali ni mali. Wakati tunabishana nahodha alipiga kelele mara tatu. Mwishowe nikaziokota mimi, kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama. Tuliondoka tumechelewa kama nusu saa.

Nusu saa ile Mkanda hausamehe. Kabla ya saa kumi na mbili jioni boti ilikuna chini, ikakuna tena, ikakaa. Nahodha akazima injini. "Mpaka yarudi," akasema, na hilo likawa neno lake la mwisho kwa muda mrefu. Watu 27 kwenye tope, jua linazama nyuma ya mikoko, mbu wanaingia kazini, simu hazishiki mtandao, na njumu za rangi ya chungwa ziko katikati ya boti juu ya gunia la jezi, hakuna anayetaka kukaa karibu nazo.

Kwa muda wa saa tatu na zaidi tulijadili wimbo wangu.

Mpwa wangu, United tangu alipoota meno, alikuwa wakili wangu. "Hatukumtukana mtu. Tumesema njumu, tumesema ndara. Ndara ni tusi? Huko Uingereza mchezaji aliyehama anaimbiwa mambo ya mamake." Akamtaja Adebayor, ambaye Septemba 2009 aliifungia Manchester City dhidi ya Arsenal yake ya zamani, akakimbia uwanja mzima mpaka mbele ya mashabiki wa Arsenal waliokuwa wakimwimbia tangu mwanzo, akapiga magoti. "Si alijibu? Huyu wetu naye angejibu kwa goli."

"Adebayor alitozwa pauni 25,000 kwa jibu lile," mwalimu akasema. "Na mimi siku ile nilikuwa nimekaa kwa huyu bwana wa video, nimevaa jezi ya Arsenal, tumechapwa nne mbili. Usinikumbushe." Kisha akageuza. "Wewe United, hebu tueleze habari ya Lukaku."

Mpwa akanyamaza. Mwenye video akacheka gizani, maana yeye ni Chelsea na Lukaku ni kidonda chake binafsi.

Kwa asiyekumbuka: Lukaku, mshambuliaji, ni mtu wa mikopo kama huyu wetu. Chelsea walimnunua 2011, wakampeleka West Brom msimu wa 2012/13, akafunga magoli 17 ya ligi, matatu kati yake siku Ferguson, kocha wa United, anaaga, ile mechi ya tano tano. Wakampeleka tena Everton kwa mkopo, Everton wakamnunua moja kwa moja 2014, na Machi 2016 akawafunga Chelsea mawili akawatoa Kombe la FA. "Kumbe tulimlisha sisi," mwenye video alisema, na hilo neno *kumbe* lilibeba majuto yote ya dunia. Mwaka 2017 akaenda United, akaanza kufunga mechi baada ya mechi, na mashabiki wakamtungia wimbo. Wimbo wa sifa. Ila sifa yenyewe ilikuwa ya maumbile yake, ule uzushi wa zamani juu ya miili ya wanaume weusi. Kick It Out, shirika la kupinga ubaguzi kwenye mpira, wakasema huo ni ubaguzi, klabu ikataka uachwe, mwenyewe akaomba watu wasonge mbele. Tarehe 23 Septemba United wakaenda ugenini Southampton, Lukaku akafunga goli pekee la mechi, na jukwaa la wageni likauimba tena, na kuongeza kwamba wao ni United na wataimba watakalo.

"Walikuwa wanamsifu," mwalimu alisema. "Nyinyi mlikuwa mnamcheka. Na wao waliambiwa waache, mwenyewe kawaomba. Sasa mwenye kosa kubwa ni nani?"

"Wao!" mpwa akasema haraka.

"Sawa. Na huyu wetu alituomba lini? Alituwekea njumu tu."

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nawaza jambo la ufundi. Mji huu umelelewa na vijembe. Bibi zetu kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, walipiga pembe wakapita chini ya dirisha la jirani na ubeti ambao kila mtu alijua ni wa nani. Enzi za vita vya Shela, kama miaka mia mbili iliyopita, washairi wa Amu, yaani Lamu, na wa Mombasa walirushiana beti kabla ya watu kurushiana risasi. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie kuimba dhidi ya mgeni ni tabia ya kuiga kwenye televisheni. Lakini kijembe kina kanuni yake, na mtunzi anayejiheshimu anaijua: lazima ukiachie mlango. Yule unayempiga awe na nafasi ya kusema "si mimi huyo," acheke na wenzake, aende nyumbani akalie peke yake. Fumbo likikosa mlango si fumbo tena, ni kumvua mtu nguo. Wimbo wangu ulimtaja mtu mmoja tu uwanjani mwenye njumu za rangi ya chungwa, ukataja ndara ambayo habari yake aliitoa mwenyewe, usiku, kwenye daka letu, akiwa na bakuli la mamangu mkononi. Mlango haukuwapo. Njumu zilikuwa miguuni mwake. Alifanya kitu pekee kilichobaki, akazivua.

Sikulisema hilo botini. Nilisema, "Wimbo ulikuwa na mizani." Walinizomea kidogo.

Aliyefunga goli la pili, kijana mpole asiyeongea, ndiye aliyeleta hoja ya mkopo. Alisema Uingereza wangemaliza jambo hili mapema kwa sababu mchezaji wa mkopo haruhusiwi kucheza dhidi ya klabu iliyomtoa kwenye ligi yao, kwa hiyo aibu haikutani na mtu. Mwalimu akamkumbusha kwamba Ulaya ni tofauti: 2004 Morientes alikuwa Monaco kwa mkopo kutoka Real Madrid, akaifunga Real nyumbani na ugenini akaitoa Ligi ya Mabingwa. Na 2014 Courtois, mali ya Chelsea, alisimama golini kwa Atlético pale Stamford Bridge, Chelsea wakatoka. Mwenye video akaomba mada ibadilishwe.

"Lakini hao wote," yule kijana akasema, "waliumiza wenyewe. Mwenye mtu kaumizwa na mtu wake."

"Ndiyo," mpwa akadakia, "kama huyu alivyotaka kutuumiza sisi!"

Ndipo nahodha aliposema. Alikuwa amesimama nyuma, upondo mkononi, anaudidimiza kila baada ya muda kupima maji. Hakugeuka. "Sisi kitu gani? Yule ni wao. Nyinyi ndio mlioazima."

Sikumbuki mtu aliyejibu. Kumbe mchana kutwa tulikuwa tukiimba kama wenye mali, nasi ndio tuliokwenda kuomba kwa simu. Tulimwazima mtu mzima, miguu yote miwili, magoli tisa, tukarudi kumdai kiatu.

Mbu walikuwa wengi sana. Hili naliandika tu kwa sababu wanaosema eti tulikaa tukitafakari wanatuongopea. Nusu ya muda tulikuwa tukijipiga makofi.

Maji yalirudi saa tatu na nusu usiku, boti ikanyanyuka kwa mtikisiko mdogo, tukafika Lamu watu wamelala. Mamangu alikuwa macho. Aliona njumu mkononi mwangu kabla hajauliza matokeo. Akauliza amekufa? Nikasema hajafa. Akauliza basi zimekujaje. Nikamweleza, na nilipofika kwenye ubeti wa ndara nikajaribu kuupita haraka. Hakuniacha, akanirudisha. "Imba," akasema. Mtu na miaka yangu 34, nimesimama uani saa nne usiku, namwimbia mamangu wimbo wangu kwa sauti ya chini. Hakusema kitu. Alizichukua njumu, akaingia jikoni.

Asubuhi nilizikuta juu ya paa zinaanikwa, zimesuguliwa mpaka rangi imerudi, kamba zimefuliwa mbali zimening'inizwa kama utumbo. Lile jino lililokatika amelizibia gundi na kipande cha mpira wa tairi, sijui kwa fundi gani. Jioni akazifunga ndani ya gazeti, ndani ya mfuko, na juu yake pakiti ya visheti. Akaniagiza nizipeleke gatini, zipande boti ya kwenda kwake.

Nilizipeleka. Nikalipa Sh100 ya mzigo. Baada ya siku mbili kijana wa boti akaja dukani na mfuko uleule. Visheti havimo. Njumu zimo, gazeti halikufunguliwa upande wa chini. Akanidai Sh100 ya kuzirudisha.

Mamangu hakuonekana kushangaa. Alikaanga visheti vingine, vingi zaidi, akazifunga upya, nikazipeleka tena. Ijumaa zikarudi. Safari hii ndani ya mfuko kulikuwa na samaki wawili wa kukaushwa, wakubwa, wamefungwa vizuri, na njumu vilevile. Mamangu alipika samaki mmoja kwa nazi, akamweka wa pili. Sasa hivi ninavyoandika yuko jikoni na unga.

Kesho kuna boti saa tatu. Nahodha ni yule yule wa Mkanda, na leo alinipitia dukani kununua plagi. Akaniambia safari hii ya tatu njumu hazipandi kwa bei ya mzigo. Zitalipa nauli ya mtu mzima.